Windows 11 kwenye ThinkCentre M710q Tiny: inakubali, lakini nani atailea?

Kompyuta ninayoipima hapa ni Lenovo ThinkCentre M710q Tiny, kisanduku cheusi chenye sentimita zipatazo 18 kwa 18 na unene wa sentimita tatu na nusu, ambacho hukaa chini ya kaunta au nyuma ya skrini bila mteja kutambua kwamba kipo. Ndani yake mna prosesa ya Intel Core i5-7500T yenye kori nne, RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. Niliinunua Kariakoo mwezi Novemba 2025, ikiwa imeshatumika ughaibuni, kwa ajili ya mdogo wangu anayeendesha steshenari karibu na stendi ya Msamvu mjini Morogoro. Kazi zake ni zile anazozijua kila mwenye steshenari: kutoa kopi, kuskani vyeti, kuchapa barua na mihtasari ya vikao, kuhakiki vyeti vya kuzaliwa kwenye mfumo wa RITA, na kuwajazia wanafunzi maombi ya Bodi ya Mikopo msimu unapofika.

Kisanduku chenyewe ninakisifu bila kusita. Ninachotaka kukipima kwa kina ni mfumo endeshi niliouweka ndani yake, Windows 11, ambao Microsoft wenyewe wanasema haukukusudiwa kwa prosesa hii. Mafundi wetu huiita kazi hiyo kupiga Windows, na wengi huikamilisha mteja akiwa bado ameketi kwenye benchi anasubiri. Nimeifanya mwenyewe hatua kwa hatua na ninaweza kuthibitisha kwamba inawezekana, tena bila ufundi mkubwa. Lakini wahenga walikwisha kusema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu malezi ya kompyuta hii baada ya fundi kuondoka.

Kwanza nieleze kwa nini inakataliwa. Windows 11 ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021, Microsoft waliweka masharti mapya: RAM isiyopungua GB 4, hifadhi isiyopungua GB 64, uwezo wa Secure Boot, ambao huhakikisha kwamba kompyuta inawaka kwa programu zilizotiwa saini tu, na TPM 2.0, kifaa kidogo cha usalama kinachotunza funguo za siri mahali ambapo virusi haviwezi kuzifikia kwa urahisi. Juu ya hayo waliongeza orodha ya prosesa zinazokubalika, ambayo kwa upande wa Intel huanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana za kizazi cha saba. M710q yangu inatimiza kila sharti isipokuwa hilo la mwisho. TPM 2.0 ipo, Secure Boot ipo, RAM inatosha, diski inatosha. Kosa lake ni tarakimu 7 iliyo mwanzoni mwa namba ya prosesa.

Mtu anayeifahamu historia ya prosesa hizi atalitazama katazo hilo kwa mashaka, na mimi ni mmoja wao. Core i3-8100T, ambayo imo katika orodha ya zinazokubalika, ina kori nne na inafanana mno kwa muundo na i5-7500T, kwa kuwa kizazi cha nane cha kompyuta za mezani kilikuwa maendeleo ya karibu sana ya kizazi cha saba. Hata ule uwezo wa ndani ya prosesa unaoisaidia Windows 11 kulinda kumbukumbu bila kuipunguzia kompyuta kasi, kwa Intel ulianza na kizazi cha saba. Wenye kizazi cha sita ndio wanaokosa msaada huo, na kwao ulinzi huo ukiwashwa uzito wake huonekana. Kwa hiyo, ikiwa uko dukani na umewekewa mbele yako M700 au M900 ya kizazi cha sita na M710q ya kizazi cha saba, na bei zake zinakaribiana, chukua ya kizazi cha saba, hata kama zote mbili zinakataliwa na Microsoft kwa usawa.

Sasa nirudi dukani, kwa sababu hapo ndipo shida ilipoanza. Muuzaji aliniwashia kompyuta, akanionyesha alama ya Windows 11 katikati ya upau wa chini, akasema, "Kaka, hii ni Windows 11 orijino kabisa, unaenda nayo kazini moja kwa moja." Hakusema kwamba kompyuta hii haitambuliwi na watengenezaji wa mfumo huo. Nilipofika nyumbani na kuikagua, nilikuta toleo lililowekwa lilikuwa 23H2, yaani la nusu ya pili ya mwaka 2023, ambalo muda wake wa kupata masasisho ya usalama kwa watumiaji wa Home na Pro ulikuwa umekwisha tarehe 11 Novemba 2025, siku chache tu kabla sijalipa pesa zangu. Uhalalishaji wa leseni ulikuwa umefanywa kwa programu ya kughushi, na ili programu hiyo isikamatwe, kuna folda nzima iliyokuwa imeondolewa kwenye ukaguzi wa kinga ya virusi. Katika steshenari, ambako kila nusu saa mtu huchomeka flashi iliyopita kwenye kompyuta kumi nyingine, folda isiyokaguliwa ni mlango ulioachwa wazi usiku kucha. Lililoniuma zaidi ni kwamba kughushi huko hakukuwa na haja yoyote. Kompyuta hii iliuzwa ikiwa mpya pamoja na Windows 10 Pro, ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya ubao mkuu, na ufunguo huo unahalalisha Windows 11 Pro pia. Nilipoweka mfumo upya na kuiunganisha na intaneti, ilijihalalisha yenyewe bila kuniuliza kitu.

Kabla ya kugusa mfumo, niliifungua. Skrubu moja tu nyuma, kifuniko kinateleza, na mbele yako kuna feni na nafasi ya diski ya inchi 2.5, ukigeuza upande wa chini utaona nafasi mbili za RAM na ile ya SSD ya M.2. Vumbi lilikuwa jingi kwenye mapezi ya kupoozea, nikalipuliza, nikabadilisha grisi ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka kama udongo. Nilibadilisha pia betri ndogo ya CR2032, na hili ninalisisitiza kwa kila anayenunua kompyuta iliyotumika: betri hiyo ikifa, saa hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika, tovuti salama hukataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake huonekana havijaanza kutumika, na mtu ataanza kuilaumu Windows kwa kosa la betri ya bei ndogo. Niliongeza RAM nyingine ya GB 8 ili zifike 16. Ubao unapokea hadi GB 32.

Katika baiosi, yaani mipangilio ya msingi ya ubao mkuu, inayofunguliwa kwa kubonyeza F1 mara tu kompyuta inapowaka, nilihakikisha mambo matatu: TPM imewashwa na inasomeka kuwa 2.0, Secure Boot imewashwa, na uwashaji ni wa UEFI, si ule wa mtindo wa zamani. Nimewaona mafundi wakizima Secure Boot kwa mazoea, kwa dhana kwamba ukishaamua kuruka masharti basi hakuna sababu ya kuyatimiza. Mimi ninaona kinyume chake. Kompyuta ambayo tayari ina upungufu mmoja machoni pa mtengenezaji isiongezewe wa pili na wa tatu kwa mikono yetu wenyewe.

Faili la usakinishaji nililipakua kutoka tovuti ya Microsoft, ambako linatolewa bure. Lina ukubwa unaozidi GB 5, kwa hiyo ni vizuri kulipakua usiku kwa wenye vifurushi vya usiku, na baada ya hapo ulinganishe alama yake ya uhakiki na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa upakuaji, hasa ikiwa mtandao wako hukatikakatika. Kisha nikatumia Rufus, programu huria na ya bure iliyotengenezwa na Pete Batard, kulihamishia kwenye flashi ya GB 16. Wapo wanaojaribu kunakili mafaili kwa mkono kwenye flashi ya FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na kushangaa yanapogoma njiani. Sababu ni kwamba faili kuu la Windows limevuka GB 4, na FAT32 haipokei faili moja kubwa kuliko hapo. Rufus hulitatua hilo kwa kuiandaa flashi kwa NTFS na kuweka kipande kidogo cha kuwashia kinachokubaliwa na UEFI.

Ukibonyeza kuanza, Rufus hukufungulia dirisha dogo lenye visanduku vya kuchagua, na hapo ndipo roho ya kazi yote ilipo. Kisanduku kimoja huondoa masharti ya RAM, Secure Boot na TPM. Kingine huondoa ulazima wa kuingia kwa akaunti ya Microsoft ya mtandaoni. Vingine hukuwezesha kuandaa jina la mtumiaji wa ndani ya kompyuta, kupunguza data inayokusanywa, na kuzuia diski isisimbwe yenyewe, yaani isifungwe kwa msimbo wa siri. Nilichagua hicho cha kwanza kama tahadhari, kile cha akaunti, na hiki cha mwisho ambacho nitakieleza kwa kirefu, kwa sababu nadhani ndicho kinachowaumiza watu kimyakimya.

Kuanzia toleo la 24H2, lililotoka tarehe 1 Oktoba 2024, Windows 11 ikiwekwa upya na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, diski husimbwa yenyewe, na ufunguo wa kuifungulia hupelekwa kwenye akaunti hiyo. Kwa kompyuta ya mkononi inayoweza kuibiwa kwenye daladala, huo ni ulinzi mzuri na ninauunga mkono. Sasa fikiria namna mafundi wanavyofanya kazi mtaani. Mteja hana akaunti, au ameisahau nywila yake, na fundi anaharakisha, basi anaingia kwa akaunti yake mwenyewe ili hatua ipite. Kompyuta inakwenda Ifakara au Kilosa. Ufunguo wa diski umebaki kwenye akaunti ya fundi wa Kariakoo. Miezi sita baadaye baiosi inaguswa kidogo, au TPM inafutwa na mtu anayejaribu kurekebisha jambo jingine, na skrini ya buluu inaomba tarakimu 48 ambazo mwenye kompyuta hajawahi kuziona maishani mwake. Kazi za wateja, picha za familia, hesabu za duka, vyote vipo ndani ya diski na havisomeki. Fundi akiwa bado anapatikana kwa simu ile ile, mteja ana bahati. Kwa hiyo shauri langu ni hili: aidha mwenye kompyuta aingie kwa akaunti yake mwenyewe na ufunguo uchapwe na kuhifadhiwa kwenye faili la karatasi, au usimbaji uzimwe tangu Rufus. Kwa kompyuta ya mezani ya mdogo wangu, ambayo hufungiwa dukani kila jioni, tulichagua la pili, na badala yake tukamwekea diski ya nje ya kuhifadhia nakala kila Jumamosi.

Usakinishaji wenyewe sina mengi ya kuusimulia. Unabonyeza F12, unachagua flashi, unafuta vigawanyo vyote vya zamani ili mabaki ya ule mfumo wa kughushi yasiendelee kuishi, unachagua Pro, na unaiacha ifanye kazi. Iliwaka upya mara kadhaa na haikufika nusu saa nikawa natazama eneo kazi. Hakuna ujumbe wa kukataliwa ulioonekana. Draiva za picha, sauti na mtandao wa waya zilipatikana zenyewe. Ya Wi-Fi ilikuja dakika chache baada ya kuunganisha waya. Niliweka toleo la 25H2, lililotoka tarehe 30 Septemba 2025, kwa sababu nitakayoieleza chini.

Kwa upande wa kasi, sina lalamiko. Kompyuta inawaka na kuwa tayari kwa kazi kabla mteja hajamaliza kuchagua ukubwa wa karatasi. Word, kivinjari chenye kurasa kumi na mbili za maombi ya mkopo, na programu ya skana vinakaa pamoja bila kugombana. Nilipoijaribu kwanza ikiwa na GB 8 peke yake, zaidi ya nusu ya RAM ilikuwa imekwisha kutumika kabla kazi haijaanza kunoga, na kivinjari kilipofungua kurasa nyingi, kusita kulianza kuonekana. GB 16 ziliondoa kabisa hali hiyo. Feni husikika kidogo tu wakati masasisho yanasakinishwa. Prosesa ni ya wati 35 na adapta nzima ni ya wati 65, jambo ambalo mwenye LUKU huliona mwisho wa mwezi, na UPS ndogo inampa mdogo wangu muda wa kutosha kuhifadhi kazi na kuizima kompyuta kwa utaratibu umeme unapokatika. Usumbufu mmoja wa kisanduku ni matundu yake ya skrini: nyuma kuna DisplayPort mbili, na tundu la VGA au HDMI lipo tu ikiwa mnunuzi wa kwanza aliagiza liongezwe. Letu halikuwa nalo, ikabidi tununue kigeuzi kwa ajili ya skrini yake ya zamani.

 

Nifike sasa kwenye malezi. Microsoft wanasema wazi kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina haki ya kudai masasisho. Kwa vitendo, masasisho ya kila mwezi ya usalama yamekuwa yakifika kwenye kompyuta hizi, na kwenye hii yetu yameingia kila mwezi tangu Novemba. Kisichofika chenyewe ni toleo jipya la kila mwaka. Kila toleo la Home na Pro hupewa takriban miaka miwili ya masasisho, kisha hufungwa: 24H2 itafungwa tarehe 13 Oktoba 2026, na 25H2 tarehe 12 Oktoba 2027. Kompyuta inayotambuliwa huhamishwa yenyewe kutoka toleo moja hadi jingine, mwenyewe akiwa hata hana habari. Kompyuta yetu haitahamishwa. Itaendelea kuwaka, itaendelea kuchapa, na siku moja masasisho yatakoma bila kelele, kama yalivyokuwa yamekoma kwenye ile 23H2 niliyouziwa. Ndiyo sababu nilianza na 25H2 badala ya 24H2: nilijinunulia mwaka mmoja zaidi kabla ya safari ya kurudi na flashi. Kuhamisha toleo hakuhitaji kufuta kitu. Unaandaa flashi kwa Rufus, unaifungua ndani ya Windows inayofanya kazi, na mafaili na programu hubaki. Lakini lazima awepo mtu anayejua kwamba zamu imefika.

Tena njia yenyewe haina dhamana. Mwezi Desemba 2024 Microsoft waliandika kwamba sharti la TPM 2.0 halijadiliwi, na mwanzoni mwa mwaka 2025 waliyaondoa kwenye tovuti yao maelekezo ambayo awali waliyatoa wenyewe ya kubadilisha rejista, hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, ili kuruka ukaguzi wa prosesa. Toleo la 24H2 lilikwisha kuonyesha kwamba mlango unaweza kufungwa moja kwa moja kwa baadhi ya kompyuta: linahitaji amri za prosesa ziitwazo SSE4.2 na POPCNT, na kompyuta za enzi za Core 2 Duo hazina hizo, hivyo haziwaki kabisa hata ukiruka masharti yote mengine. M710q iko mbali na ukingo huo. Hata hivyo, mimi siwezi kumwahidi mtu kwamba toleo la mwaka 2028 litakubali kuingia, na fundi anayetoa ahadi hiyo anaahidi kitu kisicho mikononi mwake. Vyeti vya Secure Boot vya mwaka 2011, vinavyoanza kuisha muda wake Juni 2026, ni mfano mwingine wa jambo linaloihitaji kompyuta iwe bado inapokea masasisho, kwa kuwa vyeti vipya vinasambazwa kwa njia hiyo hiyo.

Niliwahi kufikiria njia nyingine kabla ya kuamua. Kubaki na Windows 10, ambayo ulinzi wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, kuliwezekana kwa kujiandikisha katika mpango wa masasisho ya ziada, ambao humfikisha mtu hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft. Kwa ambaye tayari ana Windows 10 halali inayofanya kazi vizuri, hilo ni chaguo la busara hadi tarehe hiyo, na sioni sababu ya kumharakisha. Sisi tulikuwa tunaanza upya, kwa hiyo mwaka mmoja haukutosha.

Linux Mint 22 niliijaribu kwa siku nne kwenye kisanduku hiki hiki, na kama ningekuwa naipima kwa uzuri wa kufanya kazi peke yake, ingeshinda. Ni nyepesi, haijali prosesa ni ya kizazi gani, na ina ulinzi hadi mwaka 2029 bila kuruka sharti la mtu yeyote. Iliposhindwa ni kwenye biashara ya steshenari. Wateja huleta barua na CV zilizoandikwa kwa Word, na zikifunguliwa kwa LibreOffice mistari husogea, jedwali hukatika, ukurasa mmoja huwa mmoja na robo. Mteja anayekimbilia usaili hataki kusikia habari za fonti. Skana ya mashine yake ya kopi nayo haikupata draiva kamili. Kwa shule, kwa ofisi ya kijiji inayoandika nyaraka zake yenyewe, au kwa mwanafunzi, ningeshauri Mint kabla ya Windows 11 ya kulazimisha. Kwa mtu anayeishi kwa kufungua mafaili ya watu wengine, bado ninasita.

Hukumu yangu, basi, inategemea nani yuko karibu na kompyuta. Mwenye ndugu, rafiki au fundi wa kudumu atakayerudi na flashi mara moja kwa mwaka au miwili, M710q yenye Windows 11 ni ununuzi mzuri sana, na kwa shilingi 330,000 nilizolipa sijapata kitu cha mezani kinachoikaribia kwa utulivu na ukubwa. Asiye na mtu huyo aongeze pesa achukue M720q, ndugu yake wa kizazi cha nane, ambayo Microsoft wanaitambua na itajihamisha yenyewe. Na kwa wauzaji ninaomba jambo moja tu, nalo halina gharama: mwambieni mnunuzi kabla hajalipa. "Hii inafanya kazi ila haitambuliwi, kila baada ya muda itahitaji mkono wa fundi" ni sentensi fupi. Mnunuzi atakayeisikia na bado akalipa, amelipa akijua.

Mdogo wangu nilimweleza yote hayo kwa simu kabla sijampelekea. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Sasa Kaka, mimi nitajuaje kama siku imefika?" Lilikuwa swali sahihi, na sikuwa na jibu ndani ya Windows yenyewe. Nikachapa karatasi ndogo yenye namba ya toleo, tarehe 12 Oktoba 2027 na namba yangu ya simu, nikaibandika chini ya kisanduku kwa selotepu pana. Mwezi Januari aliomba ya pili kwa ajili ya kijana wa upande wa kopi, na safari hii nilimnunulia M720q, kwa shilingi 90,000 zaidi. Zimekaa pamoja chini ya kaunta, zinafanana kama mapacha, na njia pekee ya kuzitofautisha bila kuziwasha ni kuzigeuza utazame ipi ina karatasi.